Karani wa Kando ya Barabara ya Rau

Fomu ya kuhesabu magari ina visanduku vingi kuliko unavyodhani. Upande wa kushoto zimeandikwa saa, zimekatwa vipande vya dakika 15. Juu zimepangwa aina: waenda kwa miguu, baiskeli, pikipiki, bajaji, gari dogo, daladala, basi, lori la ekseli mbili, lori la ekseli tatu na kuendelea. Kila kinachopita hupewa mstari mmoja wa kusimama. Kikipita cha tano, mstari wake hulazwa juu ya minne iliyotangulia na fungu likawa limefungwa. Robo saa ikiisha, karani hujumlisha mafungu, huandika tarakimu, hushukia visanduku vya chini. Kazi yenyewe ni hiyo, saa baada ya saa, nami naiheshimu kuliko kazi nyingi zinazofanywa ofisini kwa ajili ya barabara, kwa sababu zote hizo zimesimama juu yake. Upana wa lami, unene wa kokoto, mahali pa kivuko, muda wa taa ya kijani, umbali kati ya tuta na tuta: chanzo chake ni mtu aliyeketi kando ya njia akitazama.

Rau ni mahali pazuri pa kuitazama kazi hiyo. Kata hii iko kaskazini mashariki mwa Manispaa ya Moshi, pale mji unapoanza kupanda kuelekea Uru, na ina jina moja na mto unaoteremka kutoka mlimani hadi Msitu wa Rau na mashamba ya mpunga ya tambarare. Penye vihamba vya migomba na kahawa pameota vyumba vya kupangisha, maduka, saluni na vijiwe vya bodaboda. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 184,292 katika manispaa nzima. Ya 2022 ikahesabu 221,733. Baadhi ya hao walioongezeka hupita kila siku kwenye njia ambazo mwanzo zilikuwa za kwenda shambani na sokoni.

Karani niliyemtazama alikuwa binti wa umri wa chuo, amekaa chini ya mringaringa, ubao wa kuandikia magotini, kalamu mbili za akiba zimechomekwa kwenye nywele. Nilimwendea kwa udadisi.

“Shikamoo, baba,” alisema bila kugeuza macho.

“Marahaba, mwanangu. Za kazi?”

“Nzuri. Ila naomba usogee kidogo, baba, unaniziba upande wa juu.”

Nikasogea. Upande wa juu na upande wa chini kwake ni barabara mbili, kila moja na karatasi yake. Asubuhi karatasi ya wanaoshuka hujaa haraka: wafanyakazi wa mjini, wanafunzi waliovaa sare, kina mama wanaopeleka ndizi na mboga sokoni. Jioni mambo hugeuka. Tena yapo makundi yanayokatiza mkondo huo saa za zamu, kwa sababu hospitali ya KCMC iko jirani, na wauguzi, wanafunzi wa udaktari, wagonjwa na ndugu wanaobeba chakula hawafuati saa za ofisi. Anayejumlisha pande mbili pamoja hupata idadi sahihi ya siku nzima na bado akashindwa kumweleza mhandisi kwa nini saa moja na nusu asubuhi hapatoshi.

Halafu kuna mlima wenyewe. Wahandisi wa trafiki hutumia kipimo cha gari dogo: gari dogo ni moja, pikipiki ni sehemu ya moja, basi ni mawili au zaidi, kulingana na nafasi ambayo kila chombo huchukua na jinsi kinavyowachelewesha wengine. Juu ya ardhi tambarare hesabu hiyo ni rahisi. Kwenye mwinuko, Fuso iliyojaa mchanga ikipanda kwa gia ya kwanza huwa kitu kingine kabisa na Fuso hiyohiyo ikishuka tupu. Nyuma yake hujipanga daladala, Noah, bajaji, na pikipiki zinazotafuta upenyo. Kwa sababu hiyo karani wa Rau huandika kama kila lori limebeba au ni tupu, hata pale fomu isipomdai.

Nilimuuliza anajuaje kama lori limebeba au ni tupu wakati turubai limefungwa. Akanieleza kwa utaratibu, katikati ya mistari. Tazama tairi za nyuma, zimelala kiasi gani juu ya lami. Tazama springi, kama zimenyooka au bado zina upinde wake. Sikiliza gia: aliyebeba hubadilisha mapema kabla ya kona, mwenye lori tupu huingia kona na mwendo wake. Dereva aliyebeba hulizunguka shimo, asiyebeba hupita juu yake. Hayo yote ndani ya muda ambao mimi nilikuwa bado nasoma maandishi ya kwenye kioo.

Swali lile lina uzito mkubwa kuliko nilivyofikiri nilipouliza. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa huko Illinois, Marekani, wahandisi walijenga barabara za majaribio na kuyaendesha malori juu yake mchana na usiku mpaka lami ikavunjika. Walichokiona ni kwamba uharibifu hauongezeki sambamba na uzito. Hupanda takriban kwa kipeo cha nne. Ongeza uzito wa ekseli mara mbili, barabara itaumia kama mara 16. Linganisha ekseli ya tani 8 na ekseli ya tani 1, utapata mara 4,000 na kidogo. Kwa barabara ya mtaa iliyowekewa lami nyembamba, Noah zote za asubuhi zinaweza zisiwe na madhara yoyote ya kupima, na malori machache ya mchanga na matofali yakaamua lami itadumu masika mangapi. Malori yanayopita barabara kuu hukutana na mizani. Yanayopanda njia za vihambani kupeleka mchanga kwenye ujenzi hayakutani na kitu, isipokuwa binti mwenye ubao magotini. Kosa lake dogo kwenye safu ya pikipiki halitamwumiza mtu. Kosa dogo kwenye safu ya malori hugeuka mashimo.

Pikipiki nazo zina ujanja wao. Kushuka Rau, vijana wengi wa bodaboda huzima injini ili kuokoa mafuta, wakateremka kimya kwa uzito wao wenyewe. Karani mgeni huzoea kuandika kwa sikio huku macho yakiwa kwenye karatasi, na hapa atawakosa. Huyu alikuwa ameshajifunza kuandika bila kutazama anapoandika. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikaa kwenye ukingo wa safu ya pikipiki, mkono wa kulia ukakifuata, macho yakabaki barabarani. Penye abiria wawili nyuma ya dereva, yaani mshikaki, aliweka nukta juu ya mstari. Nukta hiyo haikuwamo kwenye maelekezo ya fomu. Aliiongeza kwa sababu, alisema, pikipiki moja yenye watu watatu na pikipiki moja yenye dereva peke yake haziwezi kuwa kitu kimoja kwa mtu anayetaka kujua watu wangapi wanasafiri.

Alifanya vivyo hivyo kwa daladala. Konda akiwa ameketi, gari lina nafasi. Konda akisimama ndani ameinama, ni levo siti, yaani viti vimejaa, na mmoja au wawili zaidi. Konda akining’inia mlangoni, usihangaike kuhesabu vichwa, andika limejaa na utumie idadi ya viti pamoja na ile uliyoipata stendi ulipohesabu waliosimama. Kila alama ya konda alikuwa ameilinganisha na hesabu halisi mapema, daladala kwa daladala, kabla ya kuiamini.

Hesabu ya siku moja, hata ikifanywa kwa ustadi huo, bado haisemi mengi. Mwongozo wa barabara namba 31 wa maabara ya utafiti wa usafiri ya Uingereza, toleo la 1993, ambao umetumika sana katika nchi za joto, unataka siku 7 mfululizo. Siku nyingi huhesabiwa kwa saa 16, lakini angalau siku moja ya kazi na moja ya mwisho wa wiki zihesabiwe saa 24 kamili, ili ijulikane usiku una uzito gani. Unaonya pia dhidi ya siku zisizo za kawaida: sikukuu na siku za mishahara. Na unataka zoezi lirudiwe nyakati tofauti za mwaka.

Sharti hilo la mwisho, hapa Kilimanjaro, ndilo gumu. Mwaka wa mlimani una sura nyingi. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia za udongo kuwa utelezi, na waliokuwa wakipita njia za mkato hurudi barabara kuu, wakaonekana kama magari mapya kumbe ni yaleyale. Msimu wa kahawa una malori yake. Siku za soko hushusha kina mama na mikungu kutoka Uru na kwingineko kabla jua halijatoka. Na kisha Desemba. Kila mtu wa hapa anaijua Desemba: Wachaga wanarudi nyumbani, mabasi kutoka Dar es Salaam yanaongezwa, treni ya abiria ilirudishwa Moshi katika mwezi huohuo mwaka 2019 baada ya kukosekana zaidi ya miaka 20, na magari yenye namba ambazo huzioni mwaka mzima yanapanda hadi kwenye kona ambazo hata bajaji hufikiria mara mbili. Aliyehesabu wiki ya Krismasi peke yake angejenga njia nne kila upande. Aliyehesabu Februari peke yake angeacha watu wakwame kila mwisho wa mwaka, gari la wagonjwa likiwa katikati yao. Ustadi uko kwenye kupata uwiano: kuchagua kituo kimoja cha kuhesabiwa mara kwa mara, kujifunza jinsi kila mwezi unavyopanda au kushuka kutoka kwenye wastani wa mwaka, halafu kuzisahihisha hesabu fupi za njia nyingine kwa uwiano huo. Hapo mtu aliyezaliwa mlimani ana elimu ambayo hakuna kitabu cha ng’ambo kinachoweza kumpa.

Wazee wa huku wangeuelewa mtazamo huo haraka. Waligawa maji ya mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, kwa zamu, ukoo kwa ukoo, na walijua kwamba mfongo uliojaa asubuhi moja hauthibitishi kuwa maji yatafika kwenye migomba ya chini. Unapaswa kuujua kwa majira yake. Wanahisabati walifika kwenye ufanano huo wa maji na magari kwa njia yao. Mwaka 1955 James Lighthill na Gerald Whitham, wakiwa Manchester, walitoa makala mbili pacha katika jarida la Royal Society. Ya kwanza ilihusu mwendo wa mafuriko katika mito mirefu. Ya pili ilitumia hisabati ileile kwa magari katika barabara ndefu zenye msongamano. Walionyesha kwamba ndani ya mkondo wa magari hupita mawimbi, na kwamba wimbi laweza kurudi nyuma wakati kila gari linakwenda mbele.

Ukitaka kuliona wimbi hilo, tafuta mteremko wenye tuta hapa Rau, jioni magari yanapokuwa mengi. Gari la kwanza linafunga breki, taa nyekundu zinawaka. La pili linawasha, la tatu linawasha. Magari yanashuka, wekundu unapanda mlima. Tuta lililowekwa vibaya huweza kulipeleka wimbi hilo mpaka makutano ya juu na kuyafunga, ingawa wa juu hawajui hata tuta liko wapi. Karani akiandika kila robo saa urefu wa foleni, kwa kuhesabu nguzo za umeme ilizozifikia, humpa mhandisi umbo la wimbi lenyewe.

Sasa niseme kuhusu safu ya kwanza ya fomu, ile ya waenda kwa miguu, kwa sababu ndiyo inayonigusa kuliko zote. Katika hesabu nyingi safu hiyo hurukwa. Anayetembea halipi leseni wala haharibu lami, na ni vigumu kumhesabu, maana hafuati mstari: anakatiza, anasimama kusalimiana, anarudi. Lakini Rau hutembea. Watoto wa shule hutembea, wagonjwa waliokosa nauli hutembea, mama mwenye mkungu kichwani hutembea kwenye ukingo wa lami kwa sababu upande wa pili wa ukingo ni mtaro.

Jirani tu, KCMC kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wameweka tangu 2013 daftari la kitafiti la watu wanaofikishwa hospitalini wakiwa wameumia kichwa. Ajali za barabarani ndizo chanzo kikubwa, na walioumia wengi ni wanaume vijana. Ni kazi ya thamani kubwa, nayo pia imejengwa na makarani wanaojaza fomu kitanda kwa kitanda. Ila daftari la hospitali humtaja aliyeumia tu. Kujua njia ipi ni hatari zaidi kunahitaji hesabu ya pili: wangapi walipita salama. Waenda kwa miguu watano walioumia kwenye njia wanayopita elfu kumi, na watano wengine walioumia kwenye njia wanayopita mia tatu, ni habari mbili tofauti kabisa, na kivuko kinahitajika kwanza kwenye hiyo ya mia tatu. Pasipo safu ya kwanza kujazwa, madaktari wana idadi ya juu ya sehemu na hakuna anayewapa ya chini. Binti wa chini ya mringaringa ndiye anayeiandika hiyo ya chini. Ningependa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, pamoja na manispaa waifanye safu hiyo iwe ya lazima katika kila hesabu ya barabara ya mtaa, na mtoto aandikwe mbali na mtu mzima, kwa kuwa mtoto huvuka kwa namna nyingine na huonekana kwa shida nyuma ya gari lililoegeshwa.

Mashine zipo. Ipo mipira inayolazwa juu ya lami na kuhesabu kila ekseli inayoikanyaga. Zipo kamera zenye programu za kutambua vyombo. Ni vizuri zije, hasa kwa zile saa za usiku. Bado mpira haumwoni mama mwenye mkungu, na kamera ambayo haijafundishwa bodaboda yenye mshikaki na gunia la mkaa itaiita jina lisilo lake. Hata mwanzo wa fani hii ulikuwa hivyo: Bruce Greenshields alipoipeleka kamera ya filamu kando ya barabara za Ohio miaka ya 1930, kamera ilipiga picha kwa vipindi sawa, kisha watu wakakaa kuzisoma picha moja baada ya nyingine kupima mwendo na nafasi kati ya magari. Nairobi, kati ya 2012 na 2014, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na watafiti wa MIT na Columbia walipanda matatu wakiwa na simu na kunakili kila njia na kila kituo, wakachora ramani ya mtandao mzima ambao hakuna ofisi iliyokuwa imewahi kuuchora. Simu zilisaidia. Aliyejua kituo kinaitwaje na abiria hushukia wapi hasa alikuwa mwanafunzi aliyekaa kwenye kiti.

Kupima mwendo kuna hila zake pia. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa penye makazi, na mtafiti anataka kujua watu wanaendesha kasi gani wanapojiona hawatazamwi. Akisimama wazi na kifaa mkononi, dereva wa kwanza atadhani ni trafiki mwenye tochi, atafunga breki, na baada ya dakika chache kila anayepanda atakuwa amewashiwa taa na anayeshuka. Hesabu ya siku hiyo itaonyesha mji wa watu watulivu kupita kiasi. Kwa hiyo wazoefu huketi kwenye benchi la duka, vazi la kuakisi mwanga wamelikunja mfukoni, kifaa kimelala pajani, na huacha kupima mara tu wanapoona taa za kuonyana.

Mchana ulipofika, karani wa pili alikuja kupokea. Hawakupeana ubao papo hapo. Kwa robo saa nzima walihesabu wote wawili, kila mmoja kwenye karatasi yake, bila kuongea, halafu wakalinganisha. Kwenye daladala na malori walikuwa sawa. Kwenye waenda kwa miguu walipishana watatu, wakajadiliana: mzee aliyevuka akarudi alihesabiwa mara mbili na mmoja, mara moja na mwingine, na wawili walipita nyuma ya Coaster. Waliandika tofauti hiyo chini ya fomu pamoja na sababu zake, wakaweka saini zao. Msimamizi akikuta tofauti imezidi kiwango alichoweka, saa hiyo hufutwa, na inarudiwa wiki inayofuata, siku ileile, saa ileile, kwenye mti uleule.